UZI: Maji ya ploti yako yanaenda wapi? Soma kabla hujalaumu kaunti, na kabla kaunti haijakulaumu wewe

1/ Kila msimu wa mvua mjadala ni ule ule. Barabara zinageuka mito, video zinasambaa, halafu tunagawanyika makundi matatu. La kwanza: kaunti imelala. La pili: wananchi wanatupa taka kwenye mitaro. La tatu: bomoa kila kitu kilicho karibu na mto. Kila kundi lina ukweli wake kiasi. Lakini kuna sehemu ya hesabu ambayo hakuna anayeigusa, nayo ni ploti. Hizi ploti zetu za futi 50 kwa 100.

2/ Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Nia ni mbili tu. Ukisikia mtu jukwaani akiahidi "kumaliza mafuriko", ujue umuulize nini. Na kama unajenga au unapanga kujenga, ujue la kufanya kabla fundi hajachimba msingi. Ni mrefu kidogo. Chukua chai.

3/ Tuanze na hesabu moja rahisi ambayo kila mkenya angepaswa kuijua. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, hiyo ni lita 1 ya maji. Basi. Ukisikia watu wa hali ya hewa wanasema "milimita 50", maana yake ni lita 50 kwa kila mita ya mraba, iwe ni paa, lami, shamba la sukuma au uwanja wa shule.

4/ Ploti ya futi 50 kwa 100 ina karibu mita 464 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikiipiga, hizo ni lita 23,200. Ni maboza mawili ya lita 10,000 na zaidi, yamemwagwa kwenye ploti moja. Ploti yako, ya jirani, ya yule wa mbele, zote zinapata kiasi hicho hicho. Swali si kama maji yatakuja. Swali ni yakishafika yanafanya nini.

5/ Ploti ikiwa bado nyasi na udongo, maji mengi yanaingia ardhini. Wahandisi hukadiria kwamba kwenye nyasi za kawaida, karibu robo ya mvua ndiyo hutiririka nje. Kwa hivyo lita 5,800 hivi. Ukifunika yote kwa paa, saruji na kabro, karibu asilimia 90 inatoka. Hizo ni lita 20,900. Mvua ni ile ile, ploti ni ile ile, lakini maji yanayotoka getini yameongezeka zaidi ya mara tatu na nusu.

6/ Sasa zidisha. Mtaa wa ploti 40. Zamani, lita 232,000 zilitoka pale. Leo zote zimejengwa na kufunikwa: lita 836,000. Ziada ni kama maboza 60. Na hakuna mtu hata mmoja pale aliyefanya kitu kikubwa. Kila mmoja alijenga nyumba yake tu, akaweka kabro ili matope yasimsumbue. Hivi ndivyo mafuriko hutengenezwa bila mhalifu.

7/ Kuna jambo la pili, na ni baya kuliko la kwanza: kasi. Maji kwenye nyasi hutembea polepole, yanachelewa, yanafika kwenye mtaro kidogo kidogo. Maji ya paa na kabro hufika yote kwa mkupuo. Mtaro haushindwi na jumla ya maji ya siku nzima. Unashindwa na zile dakika 20 ambazo kila ploti inatapika kwa wakati mmoja.

8/ Kwa hivyo mtu akisema "huu mtaro ulikuwa unatosha, sasa umeharibika", huenda mtaro haujaharibika hata kidogo. Una upana ule ule wa zamani. Kilichobadilika ni kile tunachouletea. Unaweza kuuzibua kila wiki na bado utafurika, kwa sababu ulichorwa kwa mtaa wa nyasi na sasa unahudumia mtaa wa saruji.

9/ Na maji yanaenda kwa nani? Chukua Nairobi. Jiji linateremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong inafuata mteremko huo huo hadi inaingia Athi. Upande wa juu, kuelekea Kiambu, udongo mwingi ni mwekundu, unanywa maji vizuri. Upande wa chini, kuelekea Embakasi, Syokimau, Kitengela, kuna ule udongo mweusi wa pamba. Ukishalowa unavimba na kujifunga, haunywi tena.

10/ Ona basi vile mambo yalivyo. Udongo wenye uwezo wa kunywa maji ndio tunaoufunika kwa kasi kule juu, halafu maji tunayatuma kule chini ambako udongo hauwezi. Aliye juu haoni mafuriko kabisa. Kwake mvua ilinyesha na kabro ikabaki safi. Wa Mukuru, kando ya Mto Ngong, anaamka godoro linaelea. Wawili hawa hawajuani, lakini wameunganishwa na mtaro.

11/ Hapa ndipo mjadala wa kubomoa unaingia. Mwaka 2024, baada ya mvua za masika kuua zaidi ya watu 200 nchini, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba nyingi mitaa ya Mathare na Mukuru zikabomolewa. Hoja ya usalama ni ya kweli, kulala kandokando ya mto uliojaa ni hatari. Lakini kumhamisha wa chini hakupunguzi hata lita moja ya maji yanayotoka juu.

12/ Na ile namba ya mita 30 yenyewe ina ugomvi. Sheria na kanuni zetu tofauti zimetaja vipimo tofauti vya ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na karatasi za ofisi moja zinazomruhusu, na ofisi nyingine inamwekea alama ya X ukutani. Mwanasiasa akisema "tutafuata sheria ya riparia", muulize: ipi, na inapimwa kuanzia wapi?

13/ Sasa, nani anahusika? Hapa watu hutupiana mpira sana, kwa hivyo tusome Katiba. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, limeorodhesha kazi za kaunti. Mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa imetajwa waziwazi. Mipango ya ujenzi na maendeleo pia ni ya kaunti. Gavana yeyote akikuambia maji ya mvua ni kazi ya Nairobi, yaani serikali kuu, mwonyeshe ukurasa huo.

14/ Lakini serikali kuu nayo haiwezi kunawa mikono. Barabara kubwa ziko chini ya mamlaka zake, KeNHA kwa barabara kuu na KURA kwa barabara nyingi za mijini. Barabara ikijengwa na mtaro wake ukaishia hewani, maji yale yanamwagwa kwenye mtaa ambao ni wa kaunti. NEMA inahusika na mazingira. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inasajili miradi na makandarasi. Kwa hivyo mara nyingi tatizo liko kwenye maungio, pale bomba la huyu linapokutana na mtaro wa yule.

15/ Na wewe mwenye ploti? Kifungu cha 69 cha Katiba kinasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali kulinda mazingira. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakutaka upate kibali cha kaunti kabla ya kuanza kujenga. Yaani kabla jiwe la kwanza kuwekwa, kuna mtu wa kaunti anayepaswa kuangalia ramani yako. Swali ni kama huwa anaangalia maji yako yanaenda wapi, au anahesabu vyumba na kupokea ada tu.

16/ Sasa tuje kwenye ploti yenyewe, kwa sababu haya si maneno ya siasa peke yake. Kanuni ni maneno matatu: chelewesha, tawanya, nywesha. Chelewesha maji yasitoke kwa kasi. Yatawanye badala ya kuyakusanya kwenye bomba moja. Nywesha ardhi kadiri itakavyoweza kabla ya kuyaacha yatoke. Mengine yote ni namna ya kufanya hayo matatu.

17/ Kazi ya kwanza haina gharama. Nenda kwenye ploti mvua ikinyesha. Chukua gamubuti na mwavuli. Angalia maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi, yanatuama wapi. Uliza majirani wa zamani na wazee wa hapo. Ukinunua ploti Januari kumekauka, dalali hatakuambia kwamba Aprili pale katikati hupita kijito. Ukikuta maji yana njia yao, chora nyumba kando ya njia hiyo. Usiwe na kichwa ngumu, maji hayasahau njia.

18/ Kumbuka Mai Mahiu, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Watu walidhani ni bwawa lililopasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyokuwa imeziba kwa matope, mawe na miti. Maji yakajaa nyuma yake hadi yakavunja. Zaidi ya watu 40 walikufa. Ukizuia njia ya maji hujayaondoa. Umeyakopesha, na yatarudi kudai yote kwa pamoja.

19/ Ukuta wa ploti yako unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Ukuta wa mawe bila matundu chini, upande ambao maji yalikuwa yanapitia, ni bwawa. Utamfurikia jirani wa juu kwanza, mtagombana, halafu siku moja ukuta utaanguka kwa jirani wa chini. Acha matundu, weka wavu wa chuma wa kuzuia taka, na uyasafishe. Hayo matundu ni ya bei rahisi kuliko kesi.

20/ Nyumba yenyewe: sakafu iwe juu ya ardhi ya nje, angalau sentimita 15, na zaidi kama eneo linatuama. Ardhi inayozunguka nyumba iteremke kutoka ukutani: sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza ni kipimo kizuri. Kwenye udongo mweusi hili ni lazima, si urembo. Udongo ukilowa upande mmoja na kukauka mwingine, unavimba na kusinyaa, na nyufa za ukuta ndizo bili yako.

21/ Paa: weka gata tangu siku ya kwanza, si "tutaweka baadaye". Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 50, unapata karibu lita 4,500 baada ya kutoa yale yanayopotea. Tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Kwa mtaa ambao mfereji unakauka siku nne kwa wiki, hayo ni maji ambayo usingenunua kwa mtungi.

22/ Lakini hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Tangi la kuhifadhi maji linataka kukaa limejaa. Tangi la kuzuia mafuriko linataka kukaa tupu. Likijaa Jumatatu, mvua ya Jumanne inapita juu moja kwa moja, ni kama halipo. Suluhisho: toboa sehemu ya katikati ya tangi, weka bomba dogo linalomwaga polepole kwenye bustani. Nusu ya chini ni ya matumizi. Nusu ya juu hujiondoa kwa saa kadhaa na kusubiri mvua inayofuata.

23/ Na gata zako zisiingie kwenye bomba la maji taka. Tafadhali. Mabomba hayo hayakuchorwa kubeba mvua. Nyumba nyingi zikifanya hivyo, maji taka yanarudi juu kupitia mashimo ya barabarani, na kwa wengine kupitia choo. Ukiona mfuniko wa barabarani unarushwa na maji machafu wakati wa mvua, sehemu ya sababu huenda ni mapaa ya watu, si lazima bomba liwe limepasuka.

24/ Bustani: acha mtindo wa kuinua bustani juu kama kaburi na kuizungushia kingo za saruji. Ifanye ya kuzama. Bustani ya mita 6 kwa 3, iliyo chini kwa sentimita 15 kuliko uwanja, inashika lita 2,700. Elekeza maji ya kabro huko. Panda nyasi na mimea inayovumilia kulowa. Ukiona maji bado yametuama baada ya siku mbili, ardhi hiyo hainywi, kwa hivyo itafutie njia ya kutokea kabla mbu hawajahamia.

25/ Shimo la kunyonya maji: upana wa mita 1.5, kina cha mita 2, limejazwa mawe. Linashika kama lita 1,300 kwenye nafasi kati ya mawe, kisha udongo unaendelea kunywa. Liweke mbali na msingi, mita 5 ni salama zaidi, na mbali kabisa na choo cha shimo na kisima. Kabla ya kulichimba, fanya jaribio: chimba shimo dogo, lijaze maji jioni, lijaze tena asubuhi, upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja.

26/ Yakishuka haraka, chimba. Yasiposhuka, usipoteze pesa. Kwenye udongo mweusi shimo hili mara nyingi hugeuka pipa la maji yaliyosimama karibu na nyumba yako. Huko tegemea tangi, bustani pana isiyo na kina kirefu, na mtaro wa nyasi unaochelewesha maji. Fundi anayekuchorea kitu kile kile Ruiru na Kitengela hajaangalia udongo. Pwani kwenye mawe ya matumbawe maji huzama upesi, lakini hapo hofu ni kisima: unachozamisha ndicho utakachokunywa.

27/ Uwanja: si lazima kila inchi ifunikwe. Funika pale gari linapita na watu wanatembea. Kwingine acha nyasi au kokoto. Geti nalo usilisahau. Kalvati chini ya njia ya kuingilia kwako ndiyo shingo ya mtaro wa mtaa mzima. Ukiweka bomba dogo ili kuokoa pesa, umewabana wote walio juu yako. Uliza kipimo cha mtaro wenyewe, na kalvati isiwe ndogo kuliko mtaro.

28/ Wakati wa mjengo ndio wakati mbaya kuliko wote. Ploti imefyekwa yote, mchanga umemwagwa barabarani, mvua moja tu na lori nusu la mchanga liko kwenye mtaro. Mtaro ukizibuliwa, angalia kinachotolewa. Chupa za plastiki zipo, ndiyo. Lakini rundo kubwa mara nyingi ni mchanga, udongo na kokoto. Hiyo si taka ya mama mboga. Hiyo ni mijengo yetu.

29/ Kinga yake si ghali. Chimba mtaro mdogo upande wa juu ili maji ya nje yasipite kwenye mjengo. Fyeka sehemu unayojenga, acha nyasi upande wa chini kama chujio. Mchanga uwe ndani ya ploti, umefunikwa kwa turubai. Panga magunia ya kokoto pale maji yanapotokea ili matope yabaki. Mwambie msimamizi wa mjengo kwamba kusafisha mtaro wa mbele ni sehemu ya kazi, si fadhila.

30/ Tujumlishe. Ploti ile ile ya mita 464. Paa mita 180, kabro mita 100, nyasi na bustani mita 184. Mvua ya milimita 50: paa linatoa lita 8,100, kabro 4,000, nyasi 2,300. Jumla 14,400. Toa nusu ya tangi la lita 5,000, yaani 2,500, bustani ya kuzama 2,700, shimo 1,300. Zinabaki lita 7,900. Ploti iliyofunikwa yote ilitoa 20,900. Ya nyasi, 5,800.

31/ Hizi ni namba za makadirio, si mizani ya dukani. Mvua ikinyesha wiki nzima ardhi inachoka na kila kitu kinamwaga zaidi. Na hewa inavyozidi kuwa na joto ndivyo inavyobeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwa hivyo mvua kubwa zinaelekea kuwa kubwa zaidi. Lakini hoja inabaki: nyumba ile ile, familia ile ile, na maji yanayotoka ni chini ya nusu. Hakuna teknolojia ya ajabu hapo.

32/ "Lakini mimi peke yangu nitasaidia nini?" Swali la haki, na ndipo siasa inapoingia. Ukifanya peke yako utalinda ukuta wako na kupata maji ya kufulia, lakini mtaro utafurika tu. Mtaa mzima ukifanya, zile lita 836,000 zinashuka hadi 316,000. Hilo haliletwi na moyo mwema wa mtu mmoja mmoja. Linaletwa na sharti la kibali linalomhusu kila mtu, pamoja na mwenye ghorofa kumi.

33/ Na tuseme ukweli kuhusu haki. Mwenye chumba cha mabati Mukuru hana uwanja wa kuweka bustani ya kuzama. Hakufunika ardhi kubwa. Lakini ndiye anayebomolewa. Mwenye maegesho ya magari 200 yaliyofunikwa kwa lami, anayemwaga maji kwenye mtaro wa umma, hapati hata barua. Miji mingi ya Ujerumani hutoza ada ya maji ya mvua kulingana na ukubwa wa eneo ulilofunika. Unaweza kukubali au kukataa ada hiyo, lakini swali lake ni zuri: anayeleta maji zaidi alipe zaidi?

34/ Watapinga, na hoja zao zisidharauliwe. Kujenga Kenya tayari ni ghali. Kila sharti jipya ni nafasi mpya ya mtu kuomba kitu kidogo. Kanuni bila wakaguzi waaminifu zinageuka tozo ya wanyonge. Kweli kabisa. Ndiyo maana sharti liwe rahisi kupima: eneo lililofunikwa ni ngapi, maji yanashikwa kiasi gani, ziada inatokea wapi. Namba tatu kwenye ramani. Jirani yeyote akiwa na futi ya kupimia aweze kuhakiki.

35/ Kalenda nayo ni siasa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Yaani tunapopiga kelele za mafuriko ndipo bajeti inajadiliwa, na ndipo tunapaswa kuwa kwenye vikao vya kutoa maoni, si mitandaoni tu. Ukiona mitaro inazibuliwa Aprili na kamera ziko hapo, jua kazi hiyo ilipaswa kufanywa Februari.

36/ Basi, maswali ya kumuuliza yeyote anayetaka kura yako:
a) Mitaro ya wadi yetu ina ramani? Iko wapi tuione?
b) Bajeti ya kuisafisha ni ngapi, na kazi inafanywa mwezi gani?
c) Ofisi yako haitoi kibali mpaka ione nini kuhusu maji ya mvua?
d) Mtaro wa barabara ya serikali kuu ukiishia mtaani kwetu, nani analipia kuuendeleza?
e) Ukihamisha watu wa kando ya mto, unawapeleka wapi, na unapunguzaje maji ya juu?

37/ Akijibu "tutanunua mashine za kuzibua", mwambie hilo ni jibu la swali b peke yake. Akijibu "ni mabadiliko ya tabianchi", mwambie sawa, hiyo ndiyo sababu ya kufanya haya, si sababu ya kutoyafanya. Akijibu "wananchi wabadilike", mwambie tumesikia, sasa tuonyeshe ofisi ya kaunti ambayo paa lake lina gata na tangi.

38/ Na una silaha za kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba ramani, kibali au bajeti, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi na salama bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Si lazima usubiri maji yafike kitandani.

39/ Kwa kifupi: kundi la kwanza lilikuwa sahihi, kaunti ina kazi yake na imeandikwa. La pili lilikuwa sahihi, tunaziba mitaro, ila kwa mchanga wa mijengo kama vile kwa chupa. La tatu lilikuwa sahihi kwamba mto unahitaji nafasi. Lakini maji hayaanzii mtoni wala mtaroni. Yanaanzia juu ya paa, yanashuka uwanjani, yanatoka getini. Hapo ndipo yanakuwa rahisi kushikwa, yakiwa bado lita na hayajawa mto.

40/ Mwisho wa uzi. Kama unajenga mwaka huu, hifadhi namba 17 hadi 30 umtumie fundi wako. Kama una landilodi, mtumie 23 na 27. Kama unaenda kikao cha bajeti cha kaunti, chapisha 36 uende nayo. Na kama mtaa wenu una mtaro ulioishia hewani, weka jina la barabara hapa chini, tuone ni mingapi.